Kodi ya Nyumba Yako Mwenyewe

Mpangaji wa Mbagala anayempelekea mwenye nyumba hela ya miezi sita analipa kodi. Mwalimu wa Kibiti anayekatwa mshahara kabla haujamfikia naye analipa kodi. Neno ni hilohilo moja, na sisi tuliozaliwa ndani ya lugha hii hatulishangai. Nimeanza kulishangaa nilipokuwa nikisoma habari za Rufiji wakati wa Wajerumani. Kodi ya kwanza ya serikali iliyomfikia mtu wa kawaida huku kwetu ilitozwa kwa kibanda. Mtu alikata boriti mwenyewe, akakandika udongo mwenyewe, mkewe akamsaidia kusuka makuti, kisha kila mwaka akawa anamlipa mgeni kwa sababu analala humo. Kwa maana ya Kiswahili cha mtaani, alikuwa mpangaji ndani ya nyumba yake.

Amri hiyo ilitolewa Novemba 1897, Gavana akiwa Eduard von Liebert, ikaanza kutumika Aprili 1898. Kibanda cha kijijini kilitozwa rupia 3 kwa mwaka, nyumba za mijini zaidi. Rupia moja wakati ule ilikuwa na pesa 64, kwa hiyo kibanda kimoja kilikuwa na deni la pesa 192. Mwanzoni waliokuwa hawana fedha waliruhusiwa kulipa kwa mazao au kwa kazi. Lakini serikali ilizitaka fedha, na ilitaka zaidi ya fedha: ilitaka watu watoke majumbani kwenda kuzitafuta, kwenye mashamba ya walowezi na kwenye kazi za barabara. Gavana hakulificha lengo hilo, wala waliomfuata.

Kinachonisimamisha hapo ni kile kilichokuwa kikipimwa. Mkusanyaji hakumuuliza mtu amevuna nini, au kama mafuriko yamempitia, au kama ana wagonjwa. Alihesabu mapaa. Mwenye ng'ombe kumi na mwenye kuku mmoja walikuwa sawa mbele yake, mradi kila mmoja ana paa lake.

Kwa watu wa delta mwaka 1898 ulikuwa na jambo la pili. Mikoko ya Rufiji ndiyo misitu mikubwa kuliko yote ya aina yake katika pwani hii ya Afrika Mashariki, zaidi ya hekta 50,000, na kwa karne nyingi majahazi yalikuja humo kupakia boriti za kupeleka Uarabuni na Ghuba, kwenye miji isiyo na miti ya kujengea. Boriti, mazio, nguzo, pau: kila unene wa mti una jina lake mpaka leo kwa sababu kila unene ulikuwa na bei yake. Mtu wa delta aliyehitaji fedha alijua pa kuipata, akashika shoka akaingia mkokoni. Mwaka uleule ulioanza kodi, Wajerumani waliitangaza mikoko ya delta kuwa hifadhi ya serikali, wakaweka kituo cha misitu Salale. Mwanahistoria Thaddeus Sunseri, aliyeichambua misitu hii kwa kina, ameonyesha jinsi udhibiti wa misitu ulivyokuwa sehemu ya manung'uniko yaliyozaa vita baadaye. Mimi naona hivi: kwa mkono mmoja walidai rupia, kwa mkono wa pili wakafunga mlango ambao rupia ilikuwa ikipitia.

Habari za Rufiji zinazojulikana duniani ni za meli ya Königsberg, iliyojificha kwenye mifereji yetu hadi ilipozamishwa Julai 1915. Watalii huuliza habari zake. Sijakutana bado na aliyeuliza kuhusu rupia 3.

Kuanzia 1902 ilikuja pamba. Katika wilaya za pwani ya kusini kila jumbe aliagizwa kufungua shamba la pamoja, watu wakafanya kazi humo chini ya usimamizi wa maakida, na fungu lililowafikia lilikuwa dogo kiasi kwamba baadhi yao walikataa kulipokea. Mwaka 1905, chini ya Gavana Gustav Adolf von Götzen, masharti ya kodi yalikazwa pia, na asiyekuwa na fedha akatakiwa kuifanyia kazi. Tukumbuke pamba ile haikuwa inahesabiwa kama kodi. Mtu alilima shamba la jumbe, akarudi akakuta rupia zake zinadaiwa palepale.

Yaliyofuata tumeyasoma sote, wengi kupitia tamthilia ya Ebrahim Hussein kabla ya kitabu cha historia. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe alitoa maji. Julai 1905 huko Nandete, kwenye vilima vya Umatumbi, watu waling'oa pamba. Agosti 4 Kinjeketile alinyongwa Mohoro. Mohoro ni yetu, ukivuka mto Rufiji ukashuka kuelekea kusini, na nadhani ni vijana wachache wa Kibiti wanaojua kwamba aliyekuwa kwenye kitabu cha fasihi alifia hapo jirani. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitumwa vijijini kukusanya simulizi za wazee waliokuwa hai wakati wa vita, katika utafiti ulioongozwa na Gilbert Gwassa na John Iliffe. Pamba na kiboko cha akida vinajirudia katika simulizi hizo, na kodi imo. Wapo wanaoipa kodi uzito mkubwa mno kama chanzo cha Maji Maji. Sikubaliani nao kabisa, maana kodi ilitozwa hata mahali ambapo watu hawakunyanyuka. Lakini ilikuwa sehemu ya mzigo uleule, na iliubakisha mzigo baada ya vita. Gwassa alikadiria waliokufa, wengi kwa njaa, kuwa kati ya 250,000 na 300,000. Vibanda vilivyobaki viliendelea kuhesabiwa.

Waingereza walipokuja walibadili fedha ikawa shilingi, na mwaka 1922 wakatunga sheria ya kodi ya kibanda na kichwa. Kichwa kiliongezwa ili kijana asiye na kibanda naye asiponyoke. Mwenye wake wawili alilipia nyumba mbili. Viwango vilitofautiana wilaya kwa wilaya, lakini swali halikutofautiana: upo? Basi lipa.

Kodi ya mapato, ile inayouliza umepata kiasi gani, iliingia Tanganyika mwaka 1940 wakati Vita vya Pili vya Dunia vikihitaji fedha. Kwa hali ilivyokuwa iliwagusa hasa Wazungu na Waasia wenye vipato vikubwa. Kwa hiyo ndani ya nchi moja kulikuwa na watu wa aina mbili mbele ya mkusanyaji. Mmoja aliletewa fomu, akaeleza alichopata, akaondoa anachoruhusiwa kuondoa, na kama alipata kidogo hakulipa. Mwingine aliulizwa tiketi. Tofauti hii kwangu ni kubwa kuliko tofauti ya kiasi, kwa sababu fomu, hata ikiudhi, inamchukulia mtu kuwa na maelezo yanayostahili kusikilizwa.

Mtu anaweza kusema dawa ilikuwa kuwapa wote kodi ya kipato. Upare walijaribiwa hivyo miaka ya 1940, kodi iliyopanda kufuatana na uwezo wa mtu, ikaitwa mbiru. Mwaka 1945 maelfu ya Wapare walitelemka milimani wakaenda kukaa Same, makao ya wilaya, kuipinga. Isaria Kimambo ameandika kitabu kizima juu ya kisa hicho. Kwenye karatasi mbiru ilikuwa na haki kuliko kodi ya kichwa. Kwenye kijiji ilimaanisha watu kukaa kumkadiria mwenzao ana migomba mingapi, mbuzi wangapi, na anaficha nini, bila daftari wala risiti. Wapare walikuwa tayari kulipa kodi, ila hawakukubali kukadiriwa. Neno hilo, kukadiriwa, lishike, maana linarudi Kibiti.

Baada ya uhuru kodi ya kichwa ilibadilishwa majina, na mwaka 1969 ikaondolewa. Mapumziko yale hayakufika miaka ishirini. Halmashauri za wilaya, zilizofutwa 1972, zilirudishwa miaka ya 1980, nazo zilihitaji kula. Ikaja kodi ya maendeleo.

Hii nimeisikia nyumbani. Babu mzaa mama alikuwa mtu wa delta, mkulima wa mpunga na mvuvi wa msimu, na habari zake za kodi ya maendeleo zilikuwa habari za maji. Mgambo wa kodi walikuja kwa mashua, na mashua haiingii kwenye vijito maji yakiwa makavu. Wanaume walihesabu bamvua na maji mafu kama wavuvi, ingawa siku hizo hawakwenda kuvua. Maji yakijaa mchana, walilala kwenye madungu, vile vibanda vya juu ya nguzo vya kulindia mpunga dhidi ya nguruwe na ndege. Alicheka akisimulia. Hakucheka alipofika kwa jirani yake aliyekamatwa njiani akipeleka mtoto zahanati, akawekwa chini ya mwembe hadi jioni ndugu zake walipochanga. Babu mwenyewe alilipa miaka mingi, na stakabadhi alizifunga ndani ya nailoni akawa anatembea nazo hata mtumbwini. Ukipoteza karatasi, mwaka huo hukulipa.

Kodi ya maendeleo ilifutwa mwaka 2003, enzi za Rais Benjamin Mkapa, pamoja na rundo la ushuru mdogo mdogo. Ni mwaka huohuo daraja linaloitwa kwa jina lake lilipofunguliwa juu ya mto Rufiji, tukaachana na kivuko cha Ndundu. Ukimuuliza mtu wa Ikwiriri mwaka 2003 ulileta nini atakwambia daraja. Kwangu mimi jambo la pili halina uzito mdogo: kuanzia Aprili 1898, ukiacha yale mapumziko, ndipo mtu wa Rufiji aliacha kulipa kwa sababu tu yupo.

Au karibu aache. Vijijini uliendelea ushuru wa mazao, na mageti ya barabarani yaliyousimamia. Wilaya ya Kibiti ilipomegwa kutoka Rufiji mwaka 2016, ilizaliwa katikati ya kipindi kibaya. Mwaka ule na uliofuata viongozi wa vijiji na vitongoji, pamoja na askari, waliuawa mmoja baada ya mwingine. Aprili 2017 waliuawa askari wanane kwa siku moja. Siandiki hapa kwamba chanzo kilikuwa ushuru. Waliokufa wana familia, na mambo yale hayakuwa na sababu moja nyepesi. Ninaloliona ni dogo zaidi: mwenyekiti na mtendaji ndio sura pekee ya serikali ambayo kijiji kinaiona kila siku, na kwa zaidi ya karne moja sura hiyo imekuja ikiwa na kitabu cha stakabadhi mkononi. Juni 2017, hofu ikiwa bado imetanda, bajeti ya taifa ilishusha ushuru wa mazao kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa chakula, na kuruhusu mzigo usiofika tani moja kutoka halmashauri moja hadi nyingine bila ushuru. Mwenye magunia matatu ya ufuta akawa na haki ya kupita getini. Kujua kwamba anayo ni jambo jingine.

Desemba 2018 Rais John Magufuli aliwagawia wakuu wa mikoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, 25,000 kwa kila mkoa, kimoja shilingi 20,000. Vilikusudiwa watu ambao mauzo yao kwa mwaka hayafiki milioni 4. Nilikiona cha kwanza shingoni mwa muuza matunda stendi ya Kibiti, na sikuweza kujizuia kumkumbuka babu na nailoni yake. Muuzaji mwenyewe alikifurahia. Kwa shilingi 20,000 alinunua mwaka mzima wa kutofukuzwa, na kabla ya hapo alikuwa akilipa zaidi kwa vipande vipande. Ila soma sheria: mtu mwenye mauzo chini ya milioni 4 kwa mwaka, kodi yake ya mapato ni sifuri. Alikuwa akilipia hadhi ya kutodaiwa kitu ambacho hakuwa akidaiwa.

Sheria yenyewe ni ile ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, inayosimamiwa na Mamlaka ya Mapato, TRA, iliyoanza kazi Julai 1996. Wengi wetu tulioajiriwa tunaijua kwa mstari mmoja kwenye hati ya mshahara, ule wa PAYE, na hatuusomi zaidi ya kuulaani. Kwa viwango vilivyoanza kutumika Julai 2021, shilingi 270,000 za kwanza za kila mwezi hazitozwi kitu. Kutoka hapo hadi 520,000 hutozwa asilimia 8 ya kile kilichozidi, kisha 20 hadi 760,000, kisha 25 hadi milioni 1, na zaidi ya milioni 1 ni asilimia 30. Mtumishi wa umma wa shilingi 700,000 kwanza anaondolewa asilimia 5 ya mfuko wa pensheni, anabaki na 665,000. Hizo 520,000 za chini zinamgharimu 20,000, na 145,000 zilizobaki kwa asilimia 20 ni 29,000. Jumla 49,000. (Makato ya Bodi ya Mikopo, asilimia 15 ya mshahara, si kodi, hata kama yanauma mara mbili yake.) Wapo wenzangu wanaoamini kwamba ukipandishwa mshahara ukavuka kundi unatozwa kiwango kipya kwenye mshahara wote, hata mtu akaogopa nyongeza. Si kweli. Kila kipande cha mshahara kinatozwa kwa kiwango chake.

Hizo 270,000 za chini ndizo ninazozitafuta kwenye historia nzima hii na sizipati. Kibanda cha 1898 hakikuwa na kiwango cha chini. Tiketi ya Mwingereza haikuwa nacho, wala kodi ya maendeleo. Kukubali kwamba mtu anaweza kuwepo, kufanya kazi, na kutodaiwa kwa sababu alichopata ni cha kula tu, ni wazo lililochelewa sana kufika mtoni kwetu.

Na likifika, linataka karatasi. Mwaka jana nilikwenda Nyamisati kwa mama mdogo. Ananunua kamba kwa wavuvi wa delta, anawaweka kwenye barafu, anawapeleka Kibiti na mara nyingine Dar es Salaam. Alikuwa amefanyiwa makadirio ya shilingi 100,000 kwa mwaka na alitaka nimwambie kama ameonewa. Tulikaa barazani tukapiga hesabu kwa kichwa chake, maana maandishi hayakuwepo. Mwezi kwa mwezi, msimu mzuri na mbaya, mauzo yalikuja kama 450,000. Kwa mwaka ni milioni 5 na laki 4.

Hakuonewa. Kwa mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake ni kati ya milioni 4 na 7, sheria ina bei mbili. Asiye na kumbukumbu analipa 100,000. Mwenye kumbukumbu analipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4. Kwake yeye kilichozidi ni milioni 1 na laki 4, asilimia 3 yake ni 42,000. Tofauti ni shilingi 58,000, na kaunta buku inauzwa dukani palepale. Nikamweleza pia kwamba namba ya mlipakodi hutolewa bure, kwamba makadirio hulipwa kwa awamu nne, mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba, na kwamba miezi ya mwanzo wa mwaka ndiyo ya kwenda kueleza hali ya biashara yake kabla hajakadiriwa upya.

Alinisikiliza hadi mwisho. "Mwanangu," akasema, "daftari ndilo linalomleta mtu. Wasipojua, watakisia. Wakijua, watarudi."

Sikuwa na jibu la haraka. Nilikuwa nimemletea hesabu, yeye akaniletea historia. Babake alitembea na karatasi kifuani miaka yote na karatasi ile haikumfanyia jambo zaidi ya kumwezesha kupita. Kumwambia binti yake kwamba safari hii karatasi ni ngao, kwamba anayeandika ndiye anayelipa kidogo, ni kumwomba asahau jinsi karatasi ilivyotumika huku tangu kituo cha Salale. Shilingi 58,000 ni bei nzuri, lakini nimeelewa kwa nini watu wengi wa mwambao wanailipa kila mwaka na kuona wamenunua usalama.

Kisha akauliza swali ambalo ningependa waandishi wa sheria walisikie. "Na siku barafu ikiyeyuka, kamba wakaoza, hilo naandika wapi?"

Katika utaratibu wake, hakuna pa kuliandika. Kinachotozwa ni mauzo, na mauzo si faida. Akinunua kamba wa 400,000 akauza 450,000, kinachohesabiwa ni 450,000. Sheria inamruhusu kuukataa utaratibu huo na kutozwa kwa faida halisi, lakini hapo atatakiwa kuwa na mahesabu kamili, mapato na matumizi, na kuwasilisha ritani ndani ya miezi sita baada ya mwaka kwisha. Nilipomweleza alicheka kicheko cha babu.

Kaunta buku alinunua hata hivyo. Binti yake wa kidato cha tatu ndiye anayeandika, jioni, wakirudi kutoka gatini. Mara ya mwisho nilipokwenda nililifungua. Mbele ni mauzo, tarehe kwa tarehe, kwa mwandiko wa shule. Nyuma ya daftari, wakianzia ukurasa wa mwisho kuja mbele, wameandika hasara: barafu, petroli ya boti iliyozimika Mbwera, ndoo mbili zilizooza, mvuvi aliyechukua hela ya awali asirudi. Nilimwambia upande huo hakuna atakayeuuliza. "Najua," akasema, na akaniomba nihakiki kama majumlisho ni sahihi.